Ua la kikombe lina jina lake forodhani

Ukifika Sironga, katika kaunti ya Nyamira, ukapiga hodi katika nyumba yenye kabati la vyombo, hutaondoka bila kunywa chai. Nchi hii ni ya majani chai, na chai ndiyo salamu yake. Lakini tazama vizuri kikombe utakachopewa. Watoto wa nyumbani hunywea vikombe vya bati au vya plastiki. Mgeni hufunguliwa kabati. Hutolewa kikombe cheupe chenye waridi jekundu, au chenye mstari wa dhahabu ukingoni, au chenye nembo ya shule na wito wake. Mgeni hukisifu kikombe, mwenyeji hufurahi, na mazungumzo yakaendelea mbele.

Lile waridi halikuchorwa kwa mkono. Lilichapwa kwenye karatasi katika kiwanda fulani, mara nyingi nje ya Afrika, likabandikwa juu ya kikombe na kuchomwa motoni hata likawa kitu kimoja na kikombe chenyewe. Karatasi hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Siku hizi wako vijana na akina mama wa mikoani wanaotaka kuacha kuuza vikombe vilivyokwisha kupambwa ng'ambo, na badala yake wavipambe wenyewe hapa hapa, kwa picha zetu na maneno yetu. Tanuru dogo la umeme laweza kupatikana. Vikombe vyeupe vyaweza kupatikana. Kinachowashinda wengi ni ile karatasi, na hasa mlango mmoja ambao ni lazima ipitie: mlango wa forodha.

TABIA YA KALE

Mapenzi ya chombo chenye nakshi si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani waliyajua mapema sana. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la mnara ambalo lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi ya namna hiyo yalikuwa na sahani zilizopachikwa ukutani. Katika nyumba za kale za Lamu ukuta wa ndani ulijengwa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, na humo vyombo vya kauri vilikaa kama vile leo vikombe vya wageni vinavyokaa kabatini Sironga.

Mwaka 1756, mjini Liverpool nchini Uingereza, wachapaji wawili, John Sadler na Guy Green, waliapa mbele ya mashahidi kwamba kwa muda wa saa sita walikuwa wamechapa zaidi ya vigae 1,200 kwa njia mpya ya kuhamisha picha kutoka karatasini hadi kwenye kauri. Kabla ya hapo kila ua lilihitaji mkono wa mchoraji. Tangu siku zile sahani yenye maua ikaanza kushuka bei, na kilichokuwa mali ya masultani kikaanza kufika mezani kwa mtu wa kawaida. Katika karne ya 19 mabakuli ya viwanda vya Ulaya, vikiwemo vile vya Maastricht nchini Uholanzi, yalifika Unguja na mwambao wote, na hata vibarua wa mashamba ya karafuu waliyanunua.

Bara nako kulikuwa na ustadi wake. Wagusii walikula obokima kutoka kwenye ekee, kile kikapu kilichosukwa kwa ufundi, na walinywea vibuyu. Vyungu vingi walivinunua sokoni kwa wafinyanzi wa Kijaluo, akina mama ambao walitia nakshi udongo ungali mbichi. Hata leo mchongaji wa mawe wa Tabaka, upande wa Kisii, haagizi nakshi kutoka kokote. Hulichonga jiwe, akalipaka rangi, kisha akaikwaruza rangi hiyo kwa kitu chenye ncha hata picha ikajitokeza kwa weupe wa jiwe. Nakshi ya Tabaka haijui forodha. Nakshi ya kikombe yaijua, na ndiyo maana hatuna budi kuieleza.

KARATASI HIYO NI KITU GANI?

Wenye kazi yao huiita dekali. Ni karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka kwa maji. Juu ya gundi huchapwa picha, lakini si kwa wino wa magazeti. Rangi zake ni unga wa madini uliochanganywa na unga wa kioo. Juu ya picha hupakwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ambao kazi yake ni kuishika picha isitawanyike.

Fundi huikata picha, akaitia katika maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi. Gundi ikilegea, huitelezesha picha kutoka karatasini hadi juu ya kikombe kilichokwisha kung'arishwa. Halafu huikandamiza kwa kipande cha mpira ili kuondoa maji na mapovu, kwa maana povu moja likibaki, motoni litapasuka na kuacha tundu katikati ya ua. Kikombe huachwa kikauke vizuri, kisha huingizwa tanuruni. Ule utando huungua kwanza na kutoa moshi wenye harufu mbaya, kwa hiyo chumba cha tanuru sharti kiwe na madirisha. Kwa vyombo vya kauri, moto hupandishwa hadi kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi. Kwa bilauri za kioo, moto ni mdogo zaidi, kiasi cha nyuzi 550 hadi 600, la sivyo bilauri yenyewe italegea na kupinda. Moto ukishafika, unga wa kioo ulio katika rangi huyeyuka na kushikamana na ngozi ya kikombe. Hapo ua halitoki tena kwa sabuni wala kwa kusugua.

Isichanganywe na ile njia nyingine iliyoenea katika vibanda vya picha mijini, ambako kikombe chenye utando maalum hubanwa katika mashine ya joto la nyuzi 200 hivi na picha ikahamia humo. Ile si dekali ya tanuru. Mbele ya jicho la mteja vikombe hivyo viwili vyaweza kufanana. Mbele ya sheria, karatasi zake hazifanani hata kidogo.

JINA NDILO MZIGO

Basi na tumchukue mama mmoja wa Sironga kwa mfano tu. Ameagiza karatasi za dekali kutoka ng'ambo, zimefika uwanja wa ndege wa Nairobi, na afisa wa forodha anauliza.

"Mama, humu umeleta nini?"

"Ni stika tu za vikombe, mkubwa."

Kwa neno hilo moja, mama amejitia mashakani. Hakusema uongo kwa nia mbaya. Amesema kama watu wanavyosema mtaani. Lakini katika forodha kila kitu duniani kina namba yake. Mpango huo wa namba ulitungwa na shirika la forodha la kimataifa na ulianza kutumika mwaka 1988, na tarakimu zake sita za kwanza ni zile zile kutoka Mombasa hadi Shanghai. Katika mpango huo, picha za kuhamishwa zimepewa mlango wa 49.08. Ndani ya mlango huo mna vyumba viwili. Chumba cha kwanza, 4908.10, ni cha picha za kuhamishwa ambazo rangi zake huyeyuka motoni na kuwa kioo. Chumba cha pili, 4908.90, ni cha picha za kuhamishwa za namna nyingine zote.

Nje ya mlango huo wako majirani wengi. Lebo za karatasi, hata zikiwa na gundi, ziko 48.21. Rangi za tanuru zikija peke yake katika mikebe, bila karatasi, ziko 32.07. Vyombo vya meza vya kauri laini ya kaure viko 69.11, na vya kauri nyingine 69.12. Bilauri na vyombo vya meza vya kioo viko 70.13. Kila mlango una kiwango chake cha ushuru, na pengine kodi nyingine juu yake.

Mama wa mfano wetu angesema hivi, na angeandika hivi katika hati zake: "Picha za kuhamishwa, zilizochapwa kwa rangi za kuyeyuka tanuruni, kwa kupambia vyombo vya kauri." Maneno hayo yanamweleza afisa mambo matatu anayoyatafuta: kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, na ni cha kazi gani. Neno "stika" halimwelezi hata moja. Wala neno "karatasi" halitoshi. Na maneno hayo yawe sawasawa katika ankara ya muuzaji, katika orodha ya mizigo, na katika hati ya ndege au meli. Hati tatu zikisema majina matatu, afisa ana haki ya kushuku.

Akiwa na wasiwasi, iko njia ya kupata hakika kabla ya kutoa hata senti moja. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, yampa mtu nafasi ya kuomba uamuzi wa mapema kutoka kwa Kamishna juu ya namba ya bidhaa yake. Apeleke maombi kwa maandishi pamoja na sampuli na maelezo ya namna inavyotumika. Uamuzi ukipatikana kwa maandishi, ni ngao. Wakala akisema hivi na jirani akasema vile, yeye ana karatasi.

HESABU YAKE

Ushuru wa forodha kwa nchi za Jumuiya ni mmoja tangu umoja wa forodha ulipoanza Januari 1, 2005. Vituo vyake vikuu ni asilimia sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa vitu vya kazi za kati, na asilimia 25 kwa vitu vilivyokamilika. Julai 2022 kikaongezwa kituo cha asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinataka kuzilinda zaidi. Kiwango halisi cha kila namba husomwa katika kitabu cha ushuru cha mwaka unaohusika, kwa maana serikali huweza kuomba mabadiliko kila bajeti.

Tufanye hesabu ya mfano ili msomaji aone jinsi jina linavyokuwa fedha. Chukua picha 2,000 ambazo thamani yake ya forodha imefika shilingi 100,000, yaani shilingi 50 kwa picha. Tuseme ushuru wake ni asilimia 10. Hiyo ni shilingi 10,000. Ada ya tamko la uagizaji, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 2.5, ni shilingi 2,500. Tozo ya ujenzi wa reli, iliyorudishwa kuwa asilimia 2 mwezi wa Desemba 2024, ni shilingi 2,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, nayo hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya shilingi 110,000. Hiyo ni shilingi 17,600. Jumla ni shilingi 32,100. Kila picha sasa imesimama kwa shilingi 66, kabla ya malipo ya wakala na gari la kwenda Nyamira.

Sasa tuseme mzigo ule ule umeingizwa katika namba isiyo yake, yenye ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni shilingi 25,000, kodi ya ongezeko la thamani ni shilingi 20,000, na zile ada mbili ni shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 49,500. Kila picha imekaribia shilingi 75. Jina baya limekula shilingi 17,400, na hakuna kikombe hata kimoja kilichopata uzuri zaidi kwa sababu hiyo.

Jambo jingine ni hili. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huweza kuidai kodi aliyolipa bandarini, kwa kuipunguza katika ile anayowatoza wateja. Kenya humlazimisha kujisajili mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mama wa mfano wetu hajafika huko. Kwake yeye ile shilingi 17,600 ni gharama kamili, hairudi. Asipoijumlisha katika bei ya kikombe, atauza sana, atasifiwa sana, na mwisho wa mwaka atakuwa na tanuru na madeni.

MCHORAJI WA NYUMBANI

Wengi hudhani thamani ya forodha ni ile bei iliyoandikwa tu. Sivyo. Kama kiwanda kimekutoza fedha mbali kwa kutengeneza viunzi vya kuchapia, fedha hizo ni sehemu ya bei. Sampuli za bure nazo zina thamani, hata kama hukuzilipia.

Lakini katika sheria hiyo hiyo kuna kifungu ambacho wasanii wetu wangepaswa kukijua kwa moyo. Mnunuzi akikipatia kiwanda cha ng'ambo michoro iliyochorwa nje ya nchi za Jumuiya, gharama ya michoro hiyo huongezwa katika thamani ya kutozwa ushuru. Michoro ikiwa imechorwa hapa, katika nchi ya Jumuiya, gharama yake haiongezwi kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, ukimlipa mchoraji wa Kisii shilingi 20,000 akuchoree jani la chai, kikapu cha ekee au vilima vya Manga, kisha ukatuma mchoro huo ukachapwe ng'ambo, zile shilingi 20,000 hazitozwi ushuru. Ukimlipa mchoraji wa ng'ambo kiasi hicho hicho kwa kazi hiyo hiyo, zatozwa. Ni nadra sheria ya ushuru kumpendelea msanii wa kijijini, na hapa imempendelea. Basi ahifadhi mkataba wake na stakabadhi ya malipo, maana afisa atataka kuona mchoro ulichorwa wapi.

UTARATIBU WA HATI

Wazee watakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1993 taabu ya mwagizaji ilikuwa leseni na fedha za kigeni. Mtu aliweza kungoja miezi kabla ya kupewa ruhusa ya kununua dola. Taabu hiyo imekwisha. Ya leo ni mpangilio: kila hati ina wakati wake, na nyingi sharti zitangulie mzigo.

Kwanza, mwagizaji awe na namba ya utambulisho ya mlipa kodi, ile iitwayo PIN, kutoka Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Pili, apate ankara ya awali kutoka kwa muuzaji, yenye jina kamili la bidhaa kama tulivyoeleza. Tatu, amtafute wakala wa forodha mwenye leseni, kwa kuwa tamko la uagizaji na maingizo mengine hupelekwa kwa mtambo wa kompyuta. Nne, aulize mapema juu ya ukaguzi wa ubora. Tangu mwaka 2005 Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS, lina utaratibu wa kukaguliwa kwa bidhaa katika nchi zinakotoka na kupewa cheti kabla hazijapakiwa. Atakayengoja mzigo ufike ndipo aulize habari za cheti, atalipia ukaguzi mwingine hapa, na atalipia pia siku za ghala.

Mzigo ukifika, maingizo yafanywe katika muda wa siku 21 unaowekwa na sheria. Kila hati ihifadhiwe miaka mitano, kwa sababu wakaguzi wana haki ya kurudi na kuuliza hata baada ya vikombe kuuzwa na kuvunjika. Hapo ndipo wengi hunaswa. Ankara imo katika simu, simu imeibwa, na wakala amehama ofisi.

Yako pia mambo ya kuepuka kabisa. Wako wauzaji wa ng'ambo ambao, kwa kudhani wanakusaidia, huandika ankara ya dola 50 kwa mzigo wa dola 500, au huandika "zawadi". Kutoa hati ya uongo ni kosa ambalo sheria hiyo ya 2004 imeliwekea kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi dola 10,000 za Marekani. Aidha msamaha wa mizigo ya abiria si wa bidhaa za biashara. Jamaa anayetoka Dubai na karatasi 300 za maua ndani ya sanduku lake haleti zawadi, analeta biashara, na aiseme.

Na kama afisa amekosea? Raia hana haja ya kulia wala ya kutafuta mtu wa kumjua. Ana siku 30 za kuandika kwa Kamishna akiomba uamuzi uangaliwe upya, akieleza sababu zake. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Asiporidhika, ana siku 45 za kukata rufaa mbele ya baraza la rufani za kodi. Yule aliyeandika jina sahihi tangu mwanzo, mwenye sampuli na maelezo ya kiwanda, ana cha kusimamia. Aliyeandika "stika" hana.

SUMU ISIYOONEKANA

Msomaji asidhani forodha na ukaguzi ni habari za fedha peke yake. Kuna jambo la uhai ndani yake. Ili rangi iyeyuke kwa moto mdogo, watengenezaji tangu zamani walichanganya madini ya risasi. Ili nyekundu na manjano ziwe kali, walitumia kadimi. Yote mawili ni sumu, na risasi huwadhuru zaidi watoto, kwa kuwa huvuruga ukuaji wa ubongo.

Rangi ikichomwa barabara, sumu hiyo hufungwa ndani ya kioo. Ikichomwa kwa moto pungufu, au ikiwa ya aina duni, hutoka kidogo kidogo kila chombo kinapotiwa kitu chenye uchachu. Ndiyo maana maabara hupima chombo kwa kukijaza maji yenye asilimia 4 ya asidi ya siki na kukiacha kwa saa 24, kisha hutazama ni risasi na kadimi kiasi gani iliyotoka. Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1984, iliweka kikomo cha miligramu 4 za risasi kwa lita na miligramu 0.3 za kadimi kwa lita kwa vyombo vya kina kama vikombe na mabakuli.

Sasa fikiria vyakula vya nchi ya Gusii. Uji wa wimbi uliochacha. Maziwa lala. Chai yenye ndimu kwa mwenye mafua. Vyote vina uchachu, na vyote hukaa ndani ya kikombe. Kwa hiyo mwagizaji adai kutoka kwa kiwanda cheti cha maabara kinachosema rangi hizi ni salama kwa vyombo vya chakula, na kinachotaja moto unaotakiwa. Aufuate moto huo bila kubana umeme. Picha ikae nje ya kikombe, si ndani, na isifike sehemu inayoguswa na midomo. Mafundi wengi huacha upana wa sentimita mbili kutoka ukingoni. Cheti hicho kitamsaidia kwa KEBS, ndiyo, lakini kwanza kitamsaidia yeye kulala usingizi.

NEMBO SI MALI YA SOKO

Jambo la mwisho la sheria lahusu picha yenyewe. Biashara ya vikombe vya kumbukumbu hupenda bendera, ngao ya taifa na sura za viongozi. Kenya ina sheria maalum ya bendera, nembo na majina ya taifa, nayo yakataza kuvitumia katika biashara bila idhini ya maandishi ya waziri. Picha za wachezaji mashuhuri na vikatuni vya ng'ambo zina wenyewe. Mzigo wa dekali zenye alama ya biashara ya mtu mwingine waweza kuzuiwa kama bidhaa bandia, hata kama kila ushuru umelipwa. Nembo ya shule nayo iombwe kwa shule, kwa barua. Pale Sironga, ambapo jina la mji limejulikana mbali kwa ajili ya shule yake ya upili ya wasichana, mtu yeyote angeelewa kwa nini.

FAIDA YAKE

Mtu aweza kuuliza: kwa taabu yote hii, si afadhali kuendelea kununua vikombe vilivyokwisha kupambwa?

Jibu limo katika mzigo wenyewe. Sanduku moja la vikombe huchukua nafasi kubwa, huvunjika njiani, na huja na waridi ambalo mchoraji wake hajui Nyamira iko wapi. Picha 2,000 za dekali hukaa ndani ya bahasha nene. Hazivunjiki. Kazi ya kukata, kubandika na kuchoma hubaki hapa, na ujira wake hubaki hapa. Shule ikitaka vikombe 60 kwa siku ya zawadi, kanisa likitaka 100 kwa jubilei, familia ikitaka 40 kwa kumbukumbu ya mzee wao, wote hao wana maneno yao wenyewe, tena kwa Ekegusii wakipenda. Kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kuwasikiliza kwa wingi mdogo namna hiyo. Fundi wa jirani aweza.

Mabibi wa pwani walitangulia kutuonyesha njia. Kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani, lakini jina na nakshi vilichaguliwa Mombasa na Unguja, na kwa sababu hiyo kanga ikawa yetu. Kikombe nacho chaweza kuwa hivyo. Picha ichorwe hapa, ichapwe itakapochapwa, irudi kwa jina lake halisi na hati zake zote, ichomwe kwa moto unaotakiwa.

Anayetaka kuanza asianze na tanuru. Aanze na barua ya kuuliza namba, apige hesabu kama ile ya shilingi 66, ndipo aamue. Waridi lililopita forodhani kwa jina lake halina wa kulifuata.